Ubao wa darasani: Unavyotengenezwa, unavyotumika na kwa nini ukipauka ni hasara

Chunya. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu. Lakini ingia darasa lolote la shule ya msingi, iwe hapa Chunya au kwingine nchini, kinachotazamwa na watoto wote kwa pamoja bado ni ubao.

Unatengenezwaje?

Ubao mwingi wa shule zetu ni sehemu ya ukuta iliyopigwa lipu, ikalainishwa kwa saruji, kisha ikapakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Iking'aa, mwanga wa dirishani unawanyima kuona waliokaa pembeni.

Zamani rangi ikikosekana, wanafunzi walileta mkaa, majani mabichi na unga mweusi wa betri chakavu za redio, wakatwanga na kupaka. Mkaa hauna neno, ila betri achana nazo. Unga wake una manganizi, na vumbi lake si salama kwa watoto.

Unatumikaje?

Juu kabisa huandikwa tarehe, somo na idadi ya wanafunzi, waliosajiliwa na waliohudhuria. Katikati ni mada, mifano na muhtasari wa kunakili. Mwalimu akitoka, kiongozi wa darasa naye anachukua kona yake kuandika majina ya wapiga kelele!

Chaki je?

Chaki nyingi hutokana na jasi iliyochomwa na kusagwa, ikakorogwa na maji, ikamiminwa kwenye kalibu na kukaushwa. Hapa nchini zinatengenezwa Maswa, mkoani Simiyu. Vumbi lake huwasumbua wenye pumu, hivyo ni vizuri kufuta ubao kwa kitambaa chenye unyevu.

Ukipauka, nani anaumia?

Kiwango cha Serikali kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa mengi yamezidi hapo. Vitabu vikiwa vichache, ubao ndiyo kitabu cha wote.

Ukipauka, mtoto wa nyuma anaona 8 kumbe ni 3. Anakokotoa vizuri, anapata kosa, anaambiwa mzito.

Mzazi, siku ya kikao nenda kakae dawati la mwisho, usome ubao. Usiposomeka, ulizia rangi kabla ya kumgombeza mtoto.