Kaburi la Peshtigo

Mgeni azuruye mji mdogo wa Peshtigo, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, hukuta kando ya jumba la makumbusho makaburi ya zamani, na humo kaburi moja la watu wengi. Wamezikwa hapo watu wapatao 350 wasiotambuliwa. Si kwamba moto uliwaharibu sura tu. Wale ambao wangeweza kuwatambua, yaani mke, jirani au mwajiri, walikuwa wamekufa pia.

Moto huo wa msituni uliufikia mji usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871. Kiangazi kilikuwa kikavu mno, nao wakata magogo, wajenzi wa reli na wakulima walizoea kuchoma takataka za miti. Upepo mkali uliiunganisha mioto hiyo midogo. Waliokimbilia mtoni wengi waliokoka, ingawa baadhi yao walikufa maji au kwa baridi. Idadi ya waliokufa katika eneo zima hukisiwa kuwa kati ya 1,200 na 2,500. Ripoti iliyopelekwa kwenye Bunge la jimbo mwaka 1873 iliorodhesha majina 1,182 ya waliokufa au kupotea; daftari za mji zilikuwa zimeteketea.

Usiku uo huo Chicago iliungua, wakafa watu wapatao 300, na habari zake zikaenea upesi. Habari za Peshtigo zilichelewa, kwani nyaya za telegrafu zilikuwa zimeungua. Zilipofika Madison, makao makuu ya jimbo, gavana alikuwa ameondoka kuisaidia Chicago. Mkewe, Frances Fairchild, ndiye aliyeelekeza msaada Peshtigo. Bango la ukumbusho lililosimamishwa makaburini mwaka 1951, ambalo ni la kwanza kuwekwa rasmi na jimbo hilo, nalo linaitaja Chicago ili kueleza ukubwa wa msiba. Yaani hata juu ya kaburi lake wenyewe, Peshtigo haisimuliwi bila jirani yake mashuhuri!

Sauti iliyo huru zaidi ni ya Padri Peter Pernin, aliyenusurika mtoni. Masimulizi yake yalichapishwa Montreal mwaka 1874, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Hakuwaandikia wanahistoria, alikuwa akitafuta fedha za kujenga kanisa. Tabernakulo aliyoikokota hadi mtoni usiku ule ingali katika jumba la makumbusho, hatua chache kutoka kaburini.