Mavazi ya Wazee Wetu na Maana Yake



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita, baada ya hesabu za fedha kusomwa na kukubaliwa, mwanachama mmoja kijana alisimama akatoa hoja. Alitaka ile picha ya zamani iliyotundikwa ukutani mwa ofisi yetu iondolewe. Ni picha ya mwanamke Mjaluo wa kando ya Ghuba ya Winam, aliyevaa shanga na chieno, pasipo nguo nyingine. Kijana yule alisema kwamba picha hiyo inatuaibisha mbele ya wageni. Baadhi ya watu walipiga makofi, wengine wakanung'unika, na mwenyekiti akaahirisha shauri hilo hadi mkutano ujao. Mimi, kwa kuwa ni karani wenu, niliiandika hoja katika kumbukumbu kama ilivyonipasa, wala sikusema neno.

Lakini tangu siku ile moyo wangu haukutulia. Kwa hiyo niliiomba halmashauri kurasa chache katika taarifa hii ya mwaka, nieleze niliyoyasoma na niliyoyasikia kwa wazee juu ya mavazi na maisha ya Wajaluo wa zamani, ili tutakapoamua tuamue kwa kujua. Wahenga walisema: asiyejua maana haambiwi maana.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walipofika katika nchi yetu, ambayo wao waliiita Kavirondo, jambo la kwanza waliloliandika ni kwamba watu wake walikwenda uchi. Joseph Thomson alifika huku mwaka 1883, na wengi walimfuata. Jina hilo la Kavirondo walilitumia kwa Wajaluo na kwa jirani zetu Waluhya pia, kana kwamba wote ni kabila moja. Tena zilikuwako hadithi za wasafiri kwamba ndani ya Afrika wako watu wenye mikia. Baadaye waandishi wengine waliueleza mkia huo: haukuwa mkia hata kidogo, bali ni tamvua la nyuzi za mimea, lililofungwa kiunoni na kuning'inia nyuma ya mwanamke. Ndilo hilo chieno. Basi tazameni, ndugu zangu, jinsi jambo la heshima linavyoweza kugeuzwa kuwa kichekesho kwa kukosa mtu wa kulieleza.

Chieno hakikuvaliwa na kila mwanamke. Msichana hakukivaa. Kilikuwa cha mwanamke aliyeolewa, na mtu yeyote aliyemwona njiani, hata akimwona kwa nyuma na kwa mbali, alijua kwamba huyu ni mke wa watu na ana nyumba yake. Mwanamume mwingine akikigusa alihesabiwa kuwa ametenda kosa, na kosa hilo lilihitaji kutakaswa. Sasa nawauliza wanachama: je, vazi lenye sheria ya namna hii ni uchi? Kazi yake haikuwa kufunika mwili. Kazi yake ilikuwa kusema, na kila mtu wa nchi aliyasikia maneno yake.

Kwa wanaume ilikuwa vivyo hivyo. Imeandikwa na wageni wenyewe kwamba mwanamume aliyekwisha kupata watoto alipaswa kuvaa kipande kidogo cha ngozi ya mbuzi, na bila ngozi hiyo hangethubutu kujitokeza mbele ya mama mkwe wake. Ngozi hiyo ilikuwa ndogo, haikufunika kitu cha maana, na mgeni aliyeitazama aliiona haina faida. Lakini faida yake ilikuwa kubwa. Ilisema: mimi ni baba, nami ninamheshimu mama aliyemzaa mke wangu. Kisha nguo za Kizungu zilipoanza kuenea, waandishi hao walishangaa kuona kwamba mtu aliyevaa nguo hizo bado alivaa ngozi yake ya mbuzi chini yake. Suruali ilikuwa imekwisha kumsitiri, lakini haikujua kumsalimu mama mkwe.

Nikiwa karani, kazi yangu ni kutunza daftari. Nimewaza mara nyingi kwamba wazee wetu, ambao hawakuwa na daftari la karatasi, waliandika habari za watu juu ya watu wenyewe. Mwili ulikuwa ndio ukurasa. Meno sita ya chini yaliyong'olewa kijana alipokaribia utu uzima yalimtambulisha kuwa Mjaluo popote alipokwenda. Wazee husema pia kwamba pengo hilo lilisaidia kumnywesha mgonjwa uji pepopunda ilipomkaza taya. Jambo hilo lilikuwa la maumivu, nami sioni haya kusema kwamba nafurahi limekwisha. Mzee alijulikana kwa usinga wake wa mkia wa ng'ombe na kwa kigoda chake cha miguu mitatu. Shujaa alijulikana kwa kondo, yaani kilemba cha manyoya ya mbuni, na kwa meno ya kiboko yaliyopambwa kichwani. Mapambo hayo yalionekana pia katika tero buru, wakati wanaume walipotoka na mifugo na mikuki ili kufukuza kifo baada ya mtu mwenye heshima kuzikwa.

Wala mtu asidhani kwamba wazee wetu waliishi wamefungiwa, wasijue yanayotoka mbali. Gagi, yaani zile kauri nyeupe walizozishona katika mapambo na kuzitumia katika ramli, hazizaliwi katika ziwa letu. Zilitoka Bahari ya Hindi, zikapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika Nyanza. Shanga za kioo, ambazo sisi huziita tigo, nazo zilitoka ng'ambo kwa njia ya biashara. Majembe ya chuma yalifuliwa na wahunzi wa Samia, yakanunuliwa katika nchi yetu. Kwa hiyo mwanamke aliyejipamba kwa siku ya ngoma alikuwa amevaa juu yake kazi ya mabara kadhaa.

Utaratibu huo uliokuwa mwilini ulikuwa pia katika boma. Nyumba ya mikayi, mke mkubwa, ilijengwa ikielekea lango, na nyumba za wake waliomfuata zikapangwa kwa zamu yao. Simba ya kijana ilikuwa karibu na lango, naye alilala huko kama mlinzi. Mwenye mji alikuwa na duol yake karibu na zizi la ng'ombe, ambamo aliota moto, akapokea wageni, akala pamoja na wanaume na kuwafunza wavulana. Wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya nyanya, na huko walipata hadithi, vitendawili na mafundisho ya maisha. Hata mbegu zilikuwa na zamu, kwani kupanda kulianzishwa kwa kufuata ukubwa, na mdogo hakumtangulia mkubwa. Mtama na wimbi zilisagwa kwa jiwe, samaki wakatoka ziwani, na maji yakapoa katika mtungi uliofinyangwa na wanawake wa nchi. Maisha yalikuwa na kazi ngumu, hasa kwa akina mama, wala si haki tuyapake sukari. Lakini yalikuwa na mpango, na kila mtu alijua mahali pake.

Basi nguo ilikujaje? Watu wa kwanza kuonekana wamevaa nguo kama wale wa pwani waliitwa jonanga, maana yake watu wa nguo. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na pamoja nayo zikaja bidhaa kwa wingi. Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906, na kwa msomaji kanzu au kaptula ilikuwa alama mpya, kama chieno kilivyokuwa alama ya zamani. Chifu Odera Akang'o wa Gem alizuru Uganda mwaka 1915, akavutiwa na maendeleo aliyoyaona huko, na aliporudi aliwalazimisha watu kuwapeleka watoto shule. Wazee wetu hawakuikataa nguo. Waliitaka, kwa sababu walikuwa wamekwisha kujua tangu zamani kwamba vazi husema, na sasa walitaka kusema neno jipya.

Lakini kulikuwa na vazi moja ambalo hawakulitaka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri kuchukua kipande, yaani cheti chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Cheti hicho kilitiwa katika kikopo cha chuma, kikafungwa kamba, kikaning'inizwa shingoni. Shingo iliyozoea kuvaa shanga ilivishwa kikopo. Hicho nacho kilisema habari za mtu, lakini hakikusema kwamba huyu ni baba, wala huyu ni mkwe, wala huyu ni shujaa. Kilisema huyu ni mtumishi wa nani, na kama ametoroka kazini. Tena kilisomwa na polisi na tajiri, hakikusomwa na jirani.

Wazee wakapata uchungu. Mwezi wa Desemba 1921 walikusanyika Lundha katika Gem, katika mkutano uliojulikana kama Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao, pamoja na kodi na kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni mwaka 1920. Mwaka 1923, chini ya uongozi wa Arkidiakoni Owen, mwendo huo ukaingia katika chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo, ambacho kilihimiza nyumba safi, vyoo na kupanda miti. Vyama vya namna yetu vimetoka katika shina hilo. Kwa hiyo, ndugu wanachama, tukiulizwa vyama hivi vilianzia wapi, tunaweza kujibu bila kukosea kwamba sehemu moja vilianzia shingoni.

Sasa sina budi kukiri kosa langu. Nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya misheni, nilirudi nyumbani likizo moja nikiwa nimevaa soksi ndefu na tai. Marehemu nyanya yangu aliniita nyumbani kwake, akafungua chungu, akanionyesha chieno cha mama yake. Alikuwa akitaka kunieleza jambo. Mimi nilicheka. Hakunikaripia. Alikikunja polepole, akakirudisha chunguni, na hakunitajia tena habari zake mpaka alipokufa. Baada ya mazishi nilikitafuta kile chungu, nikakikuta kimevunjika nyuma ya ghala, na kilichokuwamo hakikuonekana. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini. Naogopa kwamba tukiiondoa picha ile ukutani tutakuwa tumecheka kicheko kile kile, nasi tukiwa watu wazima.

Simwombi mtu avue suruali avae ngozi. Nguo zimetufaa kwa baridi na kwa kazi, sabuni imetufaa kwa afya, na desturi nyingine zilistahili kuachwa. Wala simlaumu kijana aliyetoa hoja, kwani hakuna aliyemfundisha kuisoma picha. Kosa ni letu tulioitundika bila maelezo. Chini yake yako maneno matatu tu, mwanamke wa Kavirondo, kama yalivyochapwa na mgeni. Jina lake halipo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili yafikiriwe katika mkutano ujao. La kwanza, picha ibaki, lakini maneno yale yafutwe, na mahali pake yaandikwe yale ambayo mavazi yake yenyewe yanatueleza: kwamba huyu ni mwanamke aliyeolewa, mwenye nyumba yake, na kwamba anastahili heshima. Mgeni akisoma hivyo hataona aibu, naye mwenyeji hataona haya.

La pili, kila mwanachama aende kwa mzee wa kwao, akiwa na kalamu, aulize: walivaa nini, nani aliruhusiwa kukivaa, kilivuliwa lini, na kiliitwaje? Majibu yaletwe ofisini, nami nitayanakili katika daftari moja bila malipo. Profesa Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha historia ya Wajaluo kilichochapishwa mwaka 1967, alionyesha kwamba masimulizi ya wazee ni ushahidi wa kweli wa historia yakikusanywa kwa uangalifu. Nayo makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yamejenga boma zima la Kijaluo ili watoto walione. Kazi kubwa imefanywa na wengine. Sisi tumebakiwa na ile ndogo, ya nyumba kwa nyumba.

Wazee waliosalia ni wachache, na kila mwaka taarifa hii ina ukurasa wa rambirambi. Nawasihi tuulize sasa, na tusicheke.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama