Karate ya Pigo Kamili na Ushahidi wa Filamu

Masutatsu Oyama, mzaliwa wa Korea aliyeishi Japani hata kufa kwake mwaka 1994, hakuridhika na karate ambayo pigo lake husimamishwa kabla ya kumgusa mtu. Katika mtindo wake, Kyokushin, mapigo hufika mwilini. Teke la kichwa ni halali, ila ngumi ya uso ni haramu.

Mwaka 1975 mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Tokyo. Katsuaki Sato alishinda, na nafasi sita za juu zote zikatwaliwa na Wajapani. Filamu ya mwaka 1976, ijulikanayo kwa Kiingereza kwa jina la Fighting Black Kings, iliwafuata Wamarekani weusi walioshindana huko, miongoni mwao William Oliver na Charles Martin. Ikamwonyesha pia Willie Williams akipigana na dubu.

Ukumbini palikuwa na mwamuzi na sheria; kwa dubu palikuwa na kamera tu. Basi sanaa iliyokataa pigo la maonyesho ilitangazwa kwa maonyesho. Filamu ni shahidi, lakini shahidi naye huulizwa ameitwa na nani.