Dereva akipuuza kizuizi cha mafuriko, nani alipe? (UZI)

1. Kila msimu wa mvua, hoja hii hurudi majukwaani. Gari limesombwa, waokoaji wametumwa, na mmoja anasema dereva ajilipie. Mwingine anajibu: jengeni daraja kwanza. Hoja yenyewe ina historia, na haikuanzia kwetu.

2. Twende Arizona, Marekani, 1995. Ni jimbo lenye jangwa na mikondo mikavu kama laga za kule kwetu Kaskazini. Mvua ikinyesha mlimani, mkondo uliokuwa mchanga mtupu asubuhi unageuka mto jioni. Barabara nyingi hukatiza humo bila daraja. Madereva walikuwa wanazunguka vizuizi, wanakwama katikati, kisha wanaita msaada.

3. Jimbo likapitisha sheria ambayo watu waliibandika jina "Sheria ya Dereva Mjinga". Ukiingia barabara iliyofurika na kuwekewa vizuizi, ukakwama, unalipia gharama ya kukuokoa wewe na abiria wako. Kiwango cha juu ni dola 2,000 kwa tukio moja.

4. Mbona ukali huo? Maji ya sentimita 30 tu yanaweza kuelesha magari mengi madogo. Yakifika 60, hata gari kubwa la kifahari linabebwa. Na anayekufuata majini naye ana watoto nyumbani.

5. Sasa hapa ndipo wengi huruka. Bili inategemea KIZUIZI. Kama hakikuwekwa, hudaiwi, isipokuwa upatikane na hatia ya kuendesha gari ovyo. Kwa hivyo sheria inaibebesha serikali mzigo kwanza: jua barabara imefurika, ifunge, ndipo umdai mtu.

6. Wapinzani nao wana hoja. Mtu akiogopa bili atachelewa kupiga simu, na dakika hizo ndizo zinazoua. Sheria yenyewe imetumika mara chache.

7. Novemba 2019, huko huko Arizona, familia moja ilipita vizuizi kwenye kijito cha Tonto. Watoto 3 walifariki. Baba alishtakiwa. Lakini wakazi walikuwa wameomba daraja hapo kwa miongo. Baada ya msiba ule, pesa za serikali kuu zikapatikana na daraja likajengwa. Yaani miaka 24 baada ya sheria kupita, kivuko kilikuwa bado kinaua.

8. Turudi nyumbani. Desemba 2021, mto Enziu, Mwingi: basi lililobeba wanakwaya kuelekea harusini lilizama, na zaidi ya watu 30 wakafa. Sheria yetu ya Trafiki inaweza kumfunga dereva hadi miaka 10 kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji hatari. Lakini wanakwaya wale hawakushika usukani. Arizona ilimlenga mtu na gari lake binafsi. Kwetu wengi ni abiria, na utingo akisema "tunapita", wewe ni nani?

9. Kwa hivyo adhabu kwa dereva na daraja si vitu vya kuchagua kimoja. Ukimsikia mheshimiwa yeyote, wa upande wowote, akitaka madereva watozwe, muulize: kizuizi ataweka nani, saa ngapi, na usiku nani atakilinda? Akiishia kwa dereva tu, amekusomea nusu ya sheria.