Hesabu za takwimu katika R: ginsi ya kugawa kazi kwa prosesa nyingi

R ni programu ya bure ya hesabu za takwimu. Ross Ihaka na Robert Gentleman njo waliianzisha kwenye Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo wanafunzi, wachunguzi wa magonjwa na watu wa kilimo wanaitumia fasi nyingi. Lakini iko na tabia moja: hata kama ordinatere yako iko na viini vinne, kwa kawaida R inatumikisha kimoja tu. Vingine vitatu vinakaa bure, na wewe unangoja. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya.

Tangu toleo 2.14.0 la mwaka 2011, R inakuja na pakiti inayoitwa parallel. Haiombe intaneti, unaandika library(parallel), basi.

Si kila kazi inagawanyika. Kikapu cha maharagi, watu wane wanaweza kukichambua pamoja, kila mutu na fungu lake. Kusonga bugali ni mutu mumoja. Katika takwimu, maharagi yetu ni njia ya bootstrap, ambayo Bradley Efron aliichapisha 1979: uko na nyumba 400 ulizouliza maswali, unachagua tena 400 kwa bahati, nyumba moja inaweza kurudi mara mbili, unahesabu wastani, kisha unarudilia mara 10,000. Hakuna mara moja inayongoja ingine.

Usitumaini kwamba viini vinne vitapunguza saa mara ine. Gene Amdahl alieleza hilo 1967. Kama kazi ni ya dakika 60, na dakika 6 ni za kusoma data na kazi zingine zisizogawanyika, zile 54 zitakuwa 13 na nusu. Jumla ni 19 na nusu. Hata ukipata viini mia, zile 6 zinabaki palepale.

Amri ya detectCores inakuambia hesabu ya viini, lakini mara nyingi inahesabu vya kweli na vya kuigiza pamoja. Acha kimoja kwa ajili ya ordinatere yenyewe. Kwenye Linux na Mac, mclapply njo rahisi: wafanyakazi wanasoma data moja kwa pamoja. Kwenye Windows haigawanye kitu. Pale tumia makeCluster na parLapply. Wafanyakazi wa makeCluster wanaamuka mikono mitupu, kwa hiyo uwatumie data kwa clusterExport. Na kila mumoja anashika nakala yake. Data ya giga moja kwa wafanyakazi wane, juu ya mashini ya giga ine? Itaenda polepole kuliko mbele.

Sasa hatari kubwa, maana hii haionyeshe kosa lolote kwenye ekrani. Namba za bahati zinatoka kwa mbegu. Ile set.seed uliyoandika kwako haifike kwa wafanyakazi wa makeCluster, kwa hiyo ukirudilia kesho utapata jibu lingine. Wengine wanajaribu kutengeneza kwa kumupa kila mufanyakazi mbegu ileile. Ni mubaya zaidi: wote wane wanachagua nyumba zilezile, na mara zako 10,000 ni 2,500 tu za kweli. Amri ya clusterSetRNGStream inamupa kila mumoja njia yake, na ukiipa mbegu ileile na hesabu ileile ya wafanyakazi, jibu linarudi sawasawa kila siku. Kama matokeo yanahusu chanjo ao chakula cha watu, usiyapeleke mbele ya kuhakikisha mustari huo uko ndani.

Viini vyote vikitumika, mashini inapata moto na batri inaisha mbio. Gawa zile 10,000 kwa mafungu ya 500, na kila fungu likiisha ulihifadhi kwa saveRDS. Umeme ukienda, umepoteza fungu moja tu. Mwishoni andika stopCluster, ama wafanyakazi watabaki ndani wakikula memori hata kazi imeisha.