Sungusungu wa Kahama: Kutoka Mwano hadi Kamati ya Maafa

Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, askari walirudi makwao na bunduki kadhaa zikabaki mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Usukumani na Unyamwezini walilijua hilo mapema, maana utajiri wao ulikuwa unalala zizini. Mazizi yalivunjwa usiku, mifugo ikaswagwa hadi wilaya nyingine, na kituo cha polisi kikiwa na gari basi hakina mafuta. Ndiyo miaka ile sabuni na sukari vilitafutwa kwa foleni.

Karibu mwaka 1981 na 1982, vijiji vya mpakani mwa Kahama na Shinyanga vikaanza kujipanga kuwa sungusungu, yaani walinzi wa jadi, bila kungoja waraka wa serikali. Kijiji kilichagua mtemi wake wa sungusungu, katibu wa kuandika majina na faini, na makamanda wa kuongoza vijana. Mganga alitoa dawa ya kinga. Kila mwanaume mwenye nguvu akatakiwa awe na upinde, mishale na filimbi. Mwano, yaani yowe la kuita msaada, ukipigwa, kijiji kilichousikia kiliupokea na kuupeleka kijiji cha pili, na cha pili kwa cha tatu, mpaka mwizi anajikuta amezingirwa na watu ambao hata hakuwaibia. Asiyetoka alilipa faini. Akikaidi alitengwa: hakuna wa kumpa moto, wa kumsaidia kulima, wala wa kuja kwenye msiba wake. Nadhani adhabu hiyo ya kutengwa ilifanya kazi kubwa kuliko mishale.

Serikali haikuwa na kauli moja. Polisi na mahakama waliona watu wanaojichukulia sheria mkononi, na baadhi ya wanasungusungu walifikishwa kizimbani. Chama tawala, chini ya Mwalimu Nyerere, kiliona wananchi wanaojilinda, na mtazamo wa Chama ndio ulioshinda.

Hapa historia ina mzunguko wa ajabu kidogo. Mwaka 1976, kabla sungusungu hawajazaliwa, vyombo vya dola viliendesha msako wa wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga; watuhumiwa waliteswa, wengine wakafia mikononi mwa vyombo hivyo. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ingawa yeye hakumgusa mtu. Miaka 12 baadaye Mwinyi huyohuyo alikuwa Rais wakati Sheria Na. 9 ya 1989 ilipoirekebisha Sheria ya Jeshi la Mgambo ya 1973 na kuwatambua sungusungu, walioitwa pia wasalama, kuwa na mamlaka ya kukamata wahalifu. Mtu aliyeonja gharama ya msako usio na msimamizi ndiye aliyeongoza nchi wakati wanakijiji walipopewa mamlaka hayo.

Na usimamizi haukuwa jambo dogo. Msomi Sufian Bukurura, aliyeutafiti mfumo huu Kahama kwenyewe, ameandika jinsi sungusungu walivyowafukuza vijijini watu walioshukiwa uchawi. Jeshi lililoanzishwa kulinda ng'ombe lilijikuta linaamua nani abaki na nani ahame. Anayeiadhimisha historia hii bila kuitaja sehemu hiyo anaipamba tu.

Mwaka mmoja baada ya sheria ya sungusungu ikaja ya maafa: Sheria ya Uratibu wa Misaada ya Maafa, Na. 9 ya 1990. Jina lake lilijieleza: kazi ilikuwa misaada, yaani mahindi na mablanketi baada ya janga. Kujiandaa kabla kulingoja Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 7 ya 2015, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Na. 6 ya 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Mkuu wa wilaya anayeongoza kamati ya usalama ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya maafa.

Mwaka huo wa 2015 ulikuwa mzito kwa Kahama. Usiku wa Machi 3, mvua ya mawe iliipiga Mwakata, upande wa Msalala. Kuta za tofali mbichi zililowa zikaangukia watu waliolala, na zaidi ya 40 wakafa. Oktoba 5, mgodi mdogo wa Nyangarata ulititia na wachimbaji wakafukiwa. Watano walitolewa hai Novemba 15, baada ya siku 41 za kula mizizi na mende na kunywa maji yaliyodondoka mwambani. Waliosikia sauti zao chini ya ardhi walikuwa wachimbaji wenzao.

Kagongwa, kwenye barabara ya Isaka kwenda Kahama, haina mgodi mkubwa, ina mchele. Mashine za kukoboa zinanguruma, malori yanapanga foleni, na wafanyabiashara wanatembea na fedha taslimu. Mji wa namna hiyo unahitaji lindo la usiku, na kwenye lindo ndipo mtu anapoona ngazi ya mwisho ya mfumo wote huu: mwenyekiti, mtendaji, daftari la zamu, mchango wa tochi, na ugomvi wa kila mwezi kuhusu nani hakutokea. Nyumba ikiungua au mto ukijaa, watakaotangulia kufika ni haohao walio zamu, na mamlaka yao ya kumkamata mtu bado yanatoka kwenye marekebisho yale ya 1989.