Mkonge Pori wa Nyika na Vyungu vya Maua

Barabara inayotoka mji wa Maua, Kenya, kwenda Hifadhi ya Taifa ya Meru huanzia kwenye ubaridi wa vilima vya Nyambene, katikati ya migomba na mashamba ya miraa, kisha huteremka hadi kwenye joto la nyika. Huko juu, mabunda ya miraa hufungwa kwa majani ya mgomba. Huko chini, kwenye vivuli vya migunga, mtu aliyehitaji kamba alitafuta mmea mwingine kabisa: mkonge pori, wenye majani manene yaliyosimama kama mikuki. Wataalamu wa mimea kwa muda mrefu wameuita sansevieria.

Ndugu wa mmea huo ndio wanaopamba veranda na sebule za mji wa Maua leo, na wanunuzi wengi huwachukulia kuwa mapambo ya ng'ambo. Sivyo. Sansevieria nyingi asili yake ni Afrika, na zile zinazopendwa zaidi majumbani zimefika huko kwa kazi ambayo mtu yeyote mwenye kisu kikali anaiweza: kugawa shina.

Kwanza mmea huu ulikuwa kamba. Jamii za nyanda kavu za Afrika Mashariki zilikata majani yake, zikayaponda na kuyakwangua mpaka nyama ikatoka na nyuzi nyeupe zikabaki. Nyuzi hizo zilisokotwa kuwa kamba, nyuzi za upinde na vifungio vya kila namna. Bonde la Oldupai huko Tanzania, ambako daktari Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika mwaka 1911 na ambalo baadaye lilisifika kwa mabaki ya binadamu wa kale, lilipata jina lake kutokana na mkonge pori huu katika Kimaasai.

Soko la nyuzi lilibadilika ghafla. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge wenye asili ya Meksiko kutoka Florida. Ni 62 tu iliyofika hai katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Kutokana na hiyo yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga, na baadaye mkonge huo ukaenea Kenya. Mkonge pori ukabaki nyikani, ukitumiwa na wenyeji bila kuhesabiwa katika biashara ya dunia.

Wanabotania hawakuusahau. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alituma mimea ya pwani kwenye bustani ya Kew, na mwaka 1887 J. G. Baker akauita mmoja kati ya hiyo Sansevieria kirkii. Mwaka 1915 N. E. Brown alichapisha uchambuzi wa jenasi nzima, akieleza spishi zaidi ya 50. Kazi iliendelea Kenya kwenyewe: Peter Bally, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, alieleza mwaka 1964 Sansevieria pinguicula, spishi ya Kenya inayosimama juu ya mizizi yake kana kwamba inatembea.

Miongoni mwa spishi alizozitaja Brown mwaka 1915 ni Sansevieria parva, mzaliwa wa Kenya na nchi jirani. Ni ndogo, ina majani membamba, na hutoa vikonyo virefu vinavyoning'inia nje ya chungu, kila kimoja kikiwa na mche mdogo kwenye ncha. Tofauti na ndugu zake wengi, hii hutoa maua kwa urahisi: mashada ya maua madogo meupe yenye wekundu hafifu, ambayo harufu yake huzidi usiku.

Umaarufu wa majumbani, hata hivyo, ulikwenda kwa jirani kutoka Kongo. Émile Laurent, profesa wa Ubelgiji, alikusanya mimea huko katika safari ya mwaka 1903 na 1904, akafariki melini akirudi nyumbani. Aina yenye kingo za njano ilipewa jina lake, laurentii. Uzuri wake una sharti moja. Rangi ya njano inatokana na tabaka la seli zisizotengeneza ukijani. Ukipanda kipande cha jani, mche mpya huchipuka kutoka kwenye seli nyingine na kutoka kijani kitupu. Ili kingo zibaki, lazima shina lenyewe ligawanywe. Kwa zaidi ya miaka 100, basi, laurentii imepita mkono kwa mkono, kipande kwa kipande.

Mwaka 1989 utafiti wa NASA uliihusisha sansevieria na usafishaji wa hewa, na wauzaji wa miche bado hulitangaza jambo hilo. Majaribio yale yalifanywa ndani ya vyumba vilivyofungwa kabisa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika nyumba ya kawaida dirisha lililofunguliwa hufanya kazi kubwa zaidi.

Kugawa mmea huu mjini Maua kunahitaji kujua mahali. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu na baridi ya Nyambene huupunguzia nguvu, hivyo ni heri kungoja joto lirudi. Udongo mwekundu wa vilima hivi hushika maji mno. Uchanganywe na mchanga wa mto na changarawe ndogo, na chungu, au kopo la mafuta ya kupikia, kitobolewe chini. Mmea ukishatolewa, udongo hukung'utwa mpaka shina nene linalotambaa lionekane. Likatwe kwa kisu safi, kila kipande kibaki na majani na mizizi yake, kisha majeraha yaachwe yakauke kwa siku moja au mbili. Maji huanza baadaye, tena kidogo, kwa kuwa sansevieria nyingi majumbani hufa zaidi kwa kuoza kuliko kwa kiu.

Parva hurahisisha kazi: kikonyo kikishaota mizizi hukatwa tu. Fungu la majani likishatoa maua halitoi jani jipya tena; machipukizi ya pembeni ndiyo yanayoendeleza mmea. Mwenye kutaka maua tena huyaacha machipukizi hayo yakue na kukijaza chungu, kwani mmea uliobanwa kidogo huchanua kwa wepesi kuliko uliotoka kugawanywa.